Jedwali kama Onyesho, Jedwali kama Data: Uhakiki wa Uumbizaji wa Majedwali katika Misimbo Tekelezi ya Org

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna mfumo wa Org, unaofanya kazi ndani ya kihariri matini cha Emacs, unavyoumbiza majedwali yanayotokana na vipande vya msimbo tekelezi vilivyomo katika hati za matini sahili. Hoja inayojengwa ni kwamba uumbizaji wa jedwali katika mfumo huu si pambo la ukurasa. Ni uamuzi kuhusu aina ya data, na uamuzi huo hufanywa kwa kukisia bila kumwarifu mwandishi wala msomaji. Mifano inayochunguzwa ni msimbo wa utambulisho unaopoteza sifuri za mwanzo, majina yenye maneno mawili yanayogawanywa seli mbili, na kistari cha kutenga kinachobeba maana zaidi ya moja. Makala inatambua ubora wa matini sahili kwa utafiti unaoweza kurudiwa, inapima utetezi unaoweza kutolewa kwa kanuni zilizopo, na kupendekeza hatua ambazo watafiti, wahariri na washauri wa sera wanaweza kuzichukua.

1.0 Utangulizi

Mshauri wa sera anapopokea ripoti ya utafiti, aghalabu hupita upesi katika aya za nadharia na kusimama penye jedwali. Hapo ndipo anapotafuta idadi ya shule, mgawanyo wa dawa au orodha ya maeneo yatakayopewa fedha. Kwa msomaji huyo, jedwali ni ushahidi. Haulizi limetengenezwaje, kwa kuwa vistari vyake vilivyonyooka na namba zake zilizopangwa vinampa imani kwamba kazi ya kuhakiki imekwisha kufanywa na mwingine.

Katika miongo miwili iliyopita, imani hiyo imepata nguzo mpya. Watafiti wengi wameanza kuandika hati ambazo maelezo, msimbo wa uchambuzi na matokeo vinakaa katika faili moja. Msimbo ukitekelezwa, jedwali huzaliwa ndani ya hati yenyewe, na hivyo makosa ya kunakili kwa mkono hupungua. Hoja hii ni ya kweli, na makala hii haikusudii kuibomoa. Hata hivyo, kuondoa mkono wa mwanadamu katika kunakili si sawa na kuondoa kila badiliko kati ya data na ukurasa. Badiliko limehamia mahali pengine, yaani katika kanuni za uumbizaji. Kanuni hizo ndizo zinazohitaji kuhakikiwa.

Org imechaguliwa kwa sababu ndiyo inayolionyesha tatizo hili kwa uwazi zaidi. Katika mifumo mingi ya aina hii, jedwali ni mwisho wa safari: hutolewa, huonyeshwa, basi. Katika Org, jedwali lililoandikwa kwenye ukurasa linaweza kupewa jina na kusomwa tena na kipande kingine cha msimbo, hata cha lugha nyingine. Jedwali lile lile ni onyesho kwa msomaji na ni malighafi kwa programu. Kazi hizi mbili zina mahitaji tofauti, na mgongano wao ndio kiini cha uhakiki huu.

2.0 Usuli wa Mfumo

Wazo la kuandika programu kama maandishi yanayokusudiwa kusomwa na binadamu lilipewa jina na umbo na Donald Knuth mwaka 1984. Org yenyewe ilianzishwa na Carsten Dominik, mwanaastronomia aliyekuwa Amsterdam, mwaka 2003, kama njia ya kupanga madokezo na kazi katika matini sahili. Iliingizwa katika Emacs toleo la 22 mwaka 2007. Sehemu inayoitwa Babel, iliyoanzishwa na Eric Schulte na Dan Davison, iliongeza uwezo wa kutekeleza msimbo ndani ya hati, nayo ikawa sehemu ya msingi ya Org katika toleo la 7 la mwaka 2010. Mwaka 2012, Schulte, Davison, Thomas Dye na Dominik waliueleza mfumo huo katika Journal of Statistical Software kama mazingira ya lugha nyingi kwa ajili ya utafiti unaoweza kurudiwa.

Neno la kuzingatia hapo ni “lugha nyingi”. Kipande cha Python kinaweza kupokea matokeo ya kipande cha ganda la amri, na kipande cha R kikapokea matokeo ya Python. Ili lugha hizo zielewane, panahitajika umbo la pamoja, na umbo lililochaguliwa ni jedwali la matini sahili: seli zilizotengwa kwa alama ya wima, na kistari cha mlalo panapohitajika mpaka. Uteuzi huu una faida kubwa. Jedwali la namna hiyo husomeka bila programu maalumu, halihitaji leseni, na mabadiliko yake huonekana safu kwa safu katika mifumo ya kudhibiti matoleo kama Git. Faili lililoandikwa leo litafunguka baada ya miaka mingi kwa kihariri chochote. Kwa taasisi zisizo na bajeti ya programu za kulipia, hili si jambo dogo.

Gharama ya uteuzi huo ni kwamba seli ya matini sahili haina mahali pa kutamka aina yake. Alama 7 inaweza kuwa namba, jina la chumba au herufi tu. Mfumo unapoisoma seli hiyo, hauna budi kukisia.

3.0 Uhakiki wa Tabia za Uumbizaji

3.1 Sifuri Zinazopotea

Kanuni ya kukisia katika Org ni nyepesi: seli inayofanana na namba huchukuliwa kuwa namba. Kwa vipimo na hesabu, kanuni hii inafaa. Kwa misimbo ya utambulisho, haifai kabisa. Kaunti 47 za Kenya, kwa mfano, zina misimbo ya tarakimu tatu inayoanzia 001 kwa Mombasa hadi 047 kwa Nairobi. Tuchukue jedwali lifuatalo lililoandikwa ndani ya hati ya Org:

| 001 | Mombasa |
| 002 | Kwale   |
| 003 | Kilifi  |

Msomaji anaona 001. Kipande cha Python kinachopokea jedwali hili kinapata 1. Kikienda kutafuta ufunguo “001” katika kamusi ya data nyingine, hakitaupata. Hali ni hiyo hiyo kwa msimbo wa posta 00100 wa Nairobi, unaogeuka 100, na kwa namba za simu za Tanzania, Kenya na Uganda zinazoandikwa kwa kuanza na 07. Hakuna onyo linalotolewa. Dalili pekee ni ya macho: safu wima ambayo sehemu kubwa ya seli zake hufanana na namba husogezwa upande wa kulia. Mtu asiyejua maana ya mkao huo ataona unadhifu tu.

Ipo dawa, lakini ni nusu dawa. Seli ikiwekwa ndani ya alama za nukuu, yaani "001", Org huisoma kama maandishi, na Python huipokea ikiwa kamili. Kasoro ya kwanza ni kwamba Python ikirudisha matokeo, alama za nukuu haziandikwi tena. Ukurasa unaonyesha 001 bila nukuu, na jedwali hilo likisomwa na kipande kinachofuata, sifuri hupotea katika hatua ya pili ilhali zilinusurika katika ya kwanza. Kasoro ya pili ni kwamba lugha pokezi inaweza kukisia upya. R, kwa mfano, hupokea majedwali ya Org kwa amri yake ya kusoma majedwali, na amri hiyo hugeuza kuwa namba hata tarakimu zilizokuwa ndani ya nukuu. Mwandishi aliyechukua tahadhari kwa mujibu wa lugha moja hana hakika ya usalama katika nyingine.

Inafaa kulinganisha hali hii na tabia iliyo kinyume chake. Kiasi kilichoandikwa 1,200 hakifanani na namba kwa kanuni ya Org kwa sababu ya mkato, hivyo hubaki kuwa maandishi. Python ikijaribu kukijumlisha na namba, husimama na kutoa ujumbe wa kosa. Mtafiti anaudhika, anarekebisha, kazi inaendelea. Kosa lenye kelele ni bora kuliko kosa la kimya. Sifuri zilizopotea hazisimamishi chochote, na kimya kingi kina mshindo mkuu.

3.2 Nafasi kama Mpaka wa Seli

Vipande vya ganda la amri havina muundo wa orodha kama Python. Vinatoa mistari ya herufi tu. Org huitazama mistari hiyo na kutafuta kitenganishi: kama kila mstari una tabu, tabu ndiyo mpaka, kama kila mstari una mkato, mkato ndio mpaka, vinginevyo nafasi tupu huweza kuchukuliwa kuwa mpaka. Amri inayotoa orodha ya kaunti tano za pwani ya Kenya kwa msimbo na jina, ikitenganishwa kwa nafasi, huzaa jedwali hili:

| 1 | Mombasa |       |
| 2 | Kwale   |       |
| 3 | Kilifi  |       |
| 4 | Tana    | River |
| 5 | Lamu    |       |

Makosa mawili yamekutana hapa. Sifuri zimetoweka, na Tana River imekatwa vipande viwili. Kama kungekuwa na safu wima ya tatu yenye idadi ya wakazi, idadi ya Tana River ingesukumwa hatua moja kulia, na neno River lingekaa mahali pa takwimu. Kasoro hii ina athari ya upendeleo usiokusudiwa: maeneo yenye majina ya neno moja hupita salama, na yale yenye majina ya maneno mawili, kama Taita Taveta, Trans Nzoia na Uasin Gishu, ndiyo yanayovurugika. Data ya jumla huonekana nzuri, na madhara huangukia maeneo machache ambayo mchambuzi wa mbali huenda asiyafahamu.

3.3 Kistari Chenye Maana Nyingi

Kistari cha kutenga katika jedwali la Org hubeba angalau kazi tatu. Kwanza, kikiwa chini ya safu mlalo ya kwanza, hutangaza kwamba safu hiyo ni vichwa vya jedwali. Kwa kanuni ya kawaida, na ikiwa hicho ndicho kistari pekee katika jedwali, Org huviondoa vichwa hivyo kabla ya kulipeleka jedwali kwa msimbo, kisha huvirudisha katika matokeo. Jedwali lisilo na kistari hicho hupelekwa lote, na vichwa vyake huhesabiwa kuwa data. Majedwali mawili yanayotofautiana kwa kistari kimoja hutofautiana kwa idadi ya safu mlalo.

Pili, kistari hutumika kutenga jumla na maelezo yaliyo juu yake, kama ilivyo desturi ya wahasibu. Mfano wa kubuni wenye namba ndogo utaonyesha hatari yake:

| Kituo | Wagonjwa |
|-------+----------|
| A     |       12 |
| B     |        8 |
|-------+----------|
| Jumla |       20 |

Binadamu anajua kwamba safu ya mwisho haipaswi kujumlishwa tena. Org, kwa kanuni ya kawaida, huondoa vistari inapolipeleka jedwali kwa msimbo, kwa sababu lugha nyingi hazina kitu kinacholingana navyo. Safu ya Jumla huingia kama kituo kingine, na msimbo unaojumlisha seli zote za namba hutoa 40. Mpaka uliokuwa na maana kwa jicho umefutwa, na idadi imezidishwa mara mbili bila mtu yeyote kuandika fomula mbaya.

Tatu, kistari huweza kuzaliwa na utupu. Katika Python, thamani ya utupu iliyokaa mahali pa safu mlalo nzima katika orodha inayorudishwa hugeuzwa kuwa kistari. Ni njia fupi ya kuchora mpaka kwa mwandishi anayeijua. Kwa asiyeijua, rekodi iliyokosekana imegeuka kuwa pambo. Katika utafiti wa jamii, rekodi iliyokosekana ni habari: kituo hakikutuma taarifa, au kaya haikupatikana. Kuichora kama mstari ni kuifuta mbele ya msomaji.

3.4 Kanuni Zinazobadilika kwa Lugha

Kuna tatizo la nne linaloongeza uzito wa hayo matatu. Kanuni za kawaida hazifanani katika lugha zote. Fremu ya data ya R, ambayo daima ina majina ya safu wima, huchapishwa bila majina hayo hadi mwandishi aandike :colnames yes. Ganda la amri hukisia mipaka ya seli, ilhali Python hufuata muundo wa orodha zake. Vilevile, uteuzi kati ya kurudisha thamani na kurudisha matini yaliyochapishwa, yaani :results value au :results output, huamua kama kutakuwa na jedwali au maandishi tu. Mfumo unaojitambulisha kwa lugha nyingi unamtaka mtumiaji ajue sheria za mpaka wa kila lugha, na sheria hizo zimetawanyika katika maelezo ya lugha mbalimbali badala ya kukaa mahali pamoja.

4.0 Utetezi na Mipaka Yake

Haki inadai kwamba utetezi wa Org usikilizwe. Utetezi wa kwanza ni kwamba kukisia ni tabia ya zana nyingi. Amri za kawaida za kusoma faili katika R na katika maktaba ya pandas ya Python nazo huondoa sifuri za mwanzo zisipoelekezwa vingine. Mwaka 2016, Mark Ziemann na wenzake walionyesha katika jarida la Genome Biology kwamba takriban makala moja kati ya tano zilizoambatanisha orodha za jeni katika Excel zilikuwa na majina yaliyoharibiwa, mengine yakiwa yamegeuzwa kuwa tarehe. Mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadili majina yenyewe: SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Org haikuzua ugonjwa huu.

Utetezi huo ni wa kweli lakini hautoshi. Katika R na pandas kuna mahali rasmi pa kutamka kwamba safu fulani ni maandishi, na tamko hilo hubaki katika msimbo likisomeka na mhakiki. Katika jedwali la Org tamko la pekee ni alama za nukuu, ambazo hufutika katika matokeo. Aidha, suluhisho la wanajenetiki halihamishiki. Wao walikuwa na mamlaka juu ya majina waliyoyabadilisha. Mtafiti hana mamlaka ya kubadili msimbo wa kaunti au namba ya simu ya mhojiwa ili kuifurahisha programu.

Utetezi wa pili ni kwamba kila tabia iliyotajwa inaweza kurekebishwa kwa vigezo, na mwongozo wa Org unavieleza. Hapa pana kosa la kuchanganya wasomaji wawili. Mwandishi wa hati anaweza kusoma mwongozo. Mshauri wa sera anayepokea hati iliyokwisha kuhamishwa kuwa PDF haoni vigezo wala msimbo. Kwake, jedwali lililoumbizwa kwa kukisia na jedwali lililohakikiwa vina sura moja. Mzigo wa kujua umewekwa kwa mtu ambaye hana njia ya kujua.

Utetezi wa tatu, ulio na nguvu zaidi, ni kwamba wepesi huu ndio unaomwezesha mtafiti mmoja, bila kitengo cha teknolojia, kuunganisha lugha tatu katika faili moja. Kudai matamko kamili ya aina kwa kila seli kungeondoa wepesi huo. Hoja hii inakubalika. Kinachopingwa hapa ni ukimya unaoandamana na ukisiaji. Mfumo ungeweza kuendelea kukisia na papo hapo ukamwarifu mtumiaji kwamba seli fulani zimebadilika umbo zilipogeuzwa kuwa namba.

5.0 Mapendekezo

Hadi mabadiliko ya namna hiyo yatakapofanyika, hatua tano zinaweza kupunguza hatari.

Kwanza, data ya asili isihifadhiwe katika jedwali la hati. Ikae katika faili la CSV, isomwe ndani ya lugha husika kwa kutamka aina za safu, na jedwali la Org libaki kuwa onyesho. Panapolazimu jedwali kupita kutoka kipande kimoja hadi kingine, misimbo yenye urefu maalumu irejeshewe sifuri zake ndani ya msimbo kabla ya kutumika kuunganisha data.

Pili, vigezo vya matokeo, vichwa na vistari vitajwe waziwazi mwanzoni mwa hati hata pale vinapolingana na kanuni ya kawaida, ili mhakiki aone uamuzi uliofanywa badala ya kuukisia.

Tatu, matokeo ya ganda la amri yanayohusu majina ya mahali au ya watu yatenganishwe kwa tabu, wala si kwa nafasi tupu.

Nne, safu ya jumla isiwekwe katika jedwali litakalosomwa tena na msimbo. Jumla ikokotolewe katika kipande cha mwisho, kile kinachoandaa jedwali la kuchapishwa. Rekodi iliyokosekana nayo iandikwe kwa neno, kwa mfano “haipo”.

Tano, wahariri wa majarida na taasisi zinazoagiza utafiti ziombe faili la chanzo pamoja na PDF. Mhakiki alinganishe idadi ya safu mlalo katika data ya asili na katika jedwali, kisha achunguze safu tatu mahsusi: ya kwanza, ya mwisho, na mojawapo yenye jina la maneno mawili. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na hugundua sehemu kubwa ya kasoro zilizoelezwa.

6.0 Hitimisho

Org imetimiza jambo lenye thamani: imeyaweka maelezo, msimbo na matokeo mahali pamoja, katika umbo ambalo halitegemei kampuni yoyote. Udhaifu wake unatoka katika shina hilo hilo. Jedwali linalotakiwa kumridhisha msomaji kwa macho na wakati huo huo kuilisha programu halina budi kuficha baadhi ya mambo kwa mmoja wao, na hadi sasa limewaficha wote wawili ukweli kwamba kuna kilichofichwa. Hati inayoweza kutekelezwa upya itarudia matokeo yale yale kila mara, yakiwa sahihi au yakiwa na kasoro. Ikisoma 001 kuwa 1 leo, itafanya hivyo kesho kwa uaminifu ule ule. Kwa hiyo uwezo wa kurudia matokeo ni sharti la utafiti unaoaminika, ila hautoshi peke yake. Mshauri anayegawa fedha kwa msingi wa jedwali anastahili kuhakikishiwa pia kwamba kila kaunti iliyoingia katika msimbo ndiyo iliyotoka, kwa jina lake kamili na kwa namba yake kamili.